Rangi ya mashua: Uhai wa chombo huamuliwa chini ya rangi

MASHUA iliyoundwa nyumbani huonekana kuwa tayari siku ubao wa mwisho unapopigiliwa misumari. Mafundi wa pwani hawahesabu hivyo. Kwao, chombo ambacho hakijazibwa mianya, hakijanyweshwa mafuta wala kupakwa rangi bado ni rundo la mbao zilizopewa umbo.

Kazi hiyo ya kumalizia ina uzito wa pekee katika Kaunti ya Taita Taveta. Kaunti hiyo haina bahari, lakini ina maziwa mawili yanayokaa kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, yaani Jipe na Challa. Mji wa Voi nao uko kando ya barabara kuu, takribani kilomita 150 kutoka Mombasa. Mtu anayeunda mashua ya tanga uani mwake mjini Voi anaweza kuipeleka magharibi kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya Jipe, au kuiteremsha hadi baharini.

Uamuzi huo ndio unaopaswa kutangulia ununuzi wa rangi. Adui wa mbao baharini si yule wa ziwani, na dawa inayokinga chombo baharini yaweza kuwa sumu kwa samaki wa ziwa dogo. Anayenakili kazi ya fundi wa Mombasa bila kuuliza sababu zake huenda akaharibu chombo chake, na ziwa pia.

Adui wa mbao

Mbao huoza kwa sababu ya kuvu. Kuvu hao huhitaji mambo matatu: unyevu, hewa na joto la wastani. Mbao ikiwa na unyevu ulio chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu hushindwa kustawi. Mbao iliyozama kabisa nayo haiozi haraka, maana hewa haiifikii. Sehemu inayoangamia upesi ni ile inayolowa na kukauka mara kwa mara: pembe za sitaha, chini ya mabenchi, kwenye matundu ya misumari na penye ncha za mbao, ambako nyuzi zimekatwa na hufyonza maji kama utambi.

Maji ya mvua, ambayo hayana chumvi, ndiyo hatari zaidi kwa kuoza. Chumvi ya bahari huwazuia kuvu wengi, na ndiyo sababu vyombo vya pwani huoza kutoka juu, pale mvua inapotuama, kabla ya kuoza chini.

Hata hivyo, bahari ina adui wake. Huyo ni kiumbe wa jamii ya chaza mwenye umbo la mnyoo, ambaye wanasayansi humwita Teredo. Huingia kwenye mbao akiwa mdogo asiyeonekana kwa urahisi, kisha hukua humo akichimba mapango marefu. Ubao huonekana mzima kwa nje ilhali ndani umekuwa kama sega la nyuki. Katika maji baridi ya Jipe na Challa kiumbe huyo hayupo.

Kwa ufupi, mashua ya bahari hukingwa hasa dhidi ya kiumbe anayetoboa kutoka nje, na mashua ya ziwa hukingwa hasa dhidi ya unyevu unaotuama ndani.

Urithi wa pwani

Mafundi wa Lamu, hasa wa kijiji cha Matondoni kinachojulikana kwa uundaji wa majahazi, wamerithi utaratibu uliokamilika karne nyingi kabla ya rangi za makopo kufika.

Hatua ya kwanza ni kalafati. Pamba iliyosokotwa na kutiwa mafuta hupigiliwa katika mianya iliyo kati ya mbao kwa chembeu na nyundo. Pamba hiyo haikusudiwi kuziba maji peke yake. Chombo kinapoingia majini, mbao huvimba na kuibana, na mbano huo ndio uzuiao maji. Fundi aliyepigilia pamba nyingi kupita kiasi huweza kuzitenga mbao na mataruma yake, na aliyepigilia kidogo atakesha akikumba maji.

Hatua ya pili ni sifa, yaani mafuta ya samaki, hasa ya maini ya papa. Mafuta hayo hupakwa juu ya mkondo wa maji, ndani na nje. Huingia katika nyuzi za mbao na kuzuia zisipasuke kwa jua. Harufu yake ni kali, lakini yana sifa moja ambayo rangi haina: hayabanduki. Yakififia hupakwa mengine juu yake bila kukwangua kitu.

Hatua ya tatu ni deheni, mchanganyiko wa shahamu ya mnyama na chokaa, ambao hupakwa sehemu inayozama. Chokaa huwachukiza viumbe wanaong'ang'ania mbao, na shahamu huzuia maji. Kabla ya kuipaka, mafundi hungoja bamvua, maji yanapojaa sana na kutoka sana, wakaacha chombo kikwame ufuoni. Kisha huwasha makuti makavu na kuyapitisha chini ya chombo ili moto uwaue viumbe waliokwisha kuingia, na ndipo deheni hupakwa kabla maji hayajarudi.

Mtepe, jahazi la kale la visiwa vya Lamu ambalo mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila misumari, ulichorwa macho kwenye omo. Hadi leo vyombo vingi vya Lamu hubeba alama ya duara pande zote mbili za omo. Mapambo hayo huja mwisho, baada ya kazi zote zilizotajwa.

Hewa kavu ya Voi

Voi ina hewa kavu kuliko pwani, na hilo lina faida na hasara kwa anayeunda mashua.

Faida ni kwamba mbao hukauka vyema. Rangi na gundi hushika vizuri kwenye mbao ambayo unyevu wake haujapita asilimia 15 hivi. Mbao mbichi iliyopakwa rangi hufungia maji ndani, kisha jua likiwaka maji hayo hugeuka mvuke na kuinua rangi malengelenge.

Hasara ni kwamba mbao iliyokauka Voi itavimba ikifika majini. Mianya iliyo wazi uani itajifunga ziwani. Mjenzi asiyejua hilo huona mwanga kati ya mbao, akashtuka, akajaza puti ngumu hadi pomoni. Mbao zikivimba hukosa pa kwenda, na aghalabu puti hutoka nje kama meno, au ubao hujipinda na kung'oa misumari. Katika chombo cha mbao za kupanga, kijazio cha mianya kinapaswa kuwa laini siku zote.

Kanuni hiyo haigusi mashua za plaiwudi, ambazo wajenzi wengi wa nyumbani huzipendelea kwa kuwa ni rahisi kukata na nyepesi kubeba. Plaiwudi ya baharini hubandikwa kwa gundi isiyoyeyuka majini, nayo haivimbi sana. Udhaifu wake uko kwenye kingo. Ukingo wa plaiwudi ulioachwa wazi hunywa maji, na tabaka zake huachana moja baada ya nyingine. Kwa sababu hiyo kila ukingo na kila tundu hufunikwa kwa epoksi kabla ya rangi.

Jambo jingine ni vumbi. Udongo mwekundu wa Voi hupeperuka kwa upepo mdogo na kutua juu ya rangi mbichi. Dawa yake ni ya kawaida: kumwagia ardhi maji kabla ya kazi, kutundika turubai upande wa upepo, na kupaka asubuhi baada ya umande kukauka lakini kabla ya jua kuwa kali. Rangi inayopakwa juani hukauka juu upesi huku chini ikiwa mbichi, na alama za brashi hubaki.

Majira nayo huzingatiwa. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, na ya vuli, Oktoba hadi Desemba, haifai kwa kazi ya nje isiyo na paa. Kipindi cha Juni hadi Septemba ndicho kinachofaa zaidi.

Hatua kwa hatua

Kazi ya kupaka rangi ni ndogo ikilinganishwa na maandalizi yake. Mpangilio ufuatao unafaa kwa mashua ndogo ya mbao au plaiwudi.

Kwanza, chombo chote hupigwa msasa. Msasa wa namba 80 huondoa alama za randa, kisha wa namba 120 husawazisha. Msasa hufuata nyuzi za mbao, si kuzikata. Pembe kali zote huviringishwa kidogo, kwa kuwa rangi hukimbia ukingo mkali na kuuacha na tabaka jembamba linaloparuzwa upesi.

Pili, vumbi la msasa hufagiliwa, kisha mbao hupanguswa kwa kitambaa kilicholoweshwa kiyeyushi cha rangi. Mkono wenye jasho au mafuta usiguse tena sehemu hiyo.

Tatu, vichwa vya misumari, matundu na ncha za mbao hushughulikiwa. Vichwa hufukiwa na kufunikwa. Ncha za mbao hunyweshwa epoksi nyepesi au praima mara mbili au tatu, hadi ziache kufyonza. Ikiwa mjenzi ana muda wa kutenda jambo moja tu kwa ukamilifu, na liwe hili.

Nne, hupakwa praima mikono miwili. Praima ndiyo inayoshikana na mbao, na rangi hushikana na praima. Baada ya mkono wa kwanza, nyuzi za mbao husimama na uso huwa na vinyweleo, kwa hivyo hupigwa msasa mwepesi kabla ya mkono wa pili. Kwa chombo cha mbao za kupanga, mianya iliyokalafatiwa hujazwa kijazio laini baada ya praima ya kwanza. Mbao kavu isiyo na praima hufyonza mafuta ya kijazio na kukiacha kikavu chenye nyufa.

Tano, hupakwa rangi ya chini mkono mmoja, kisha rangi ya juu mikono miwili au mitatu. Mikono mitatu myembamba hudumu kuliko mmoja mzito. Kati ya mkono na mkono hupitishwa msasa laini, namba 220, ili rangi inayofuata ipate pa kushika. Muda wa kungoja ni ule ulioandikwa kwenye kopo, wala si pale kidole kinapoacha kunata.

Kuhusu kiasi, lita moja ya rangi ya mafuta hufunika takribani mita mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Mashua ya urefu wa mita tano ina eneo la nje linalokaribia hapo. Hivyo mjenzi ahesabu lita moja kwa kila mkono wa nje, na kiasi kisichopungua hicho kwa ndani, ambako mataruma na pembe hunywa rangi zaidi.

Rangi nyeupe na nyinginezo nyepesi zina manufaa yasiyo ya urembo. Chombo cheusi huchemka juani, mbao zake hutanuka na kunywea kila siku, na mianya hufunguka. Chombo cheupe hupata joto dogo zaidi.

Sumu majini

Sehemu inayozama ndiyo yenye maamuzi mazito. Madukani huuzwa rangi maalumu za kuzuia viumbe wa baharini. Rangi hizo hufanya kazi kwa kutoa sumu kidogo kidogo majini, kwa kawaida ya shaba.

Historia yake ina fundisho. Kuanzia miaka ya 1960, vyombo vingi duniani vilipakwa rangi zenye kemikali ya TBT, inayotokana na bati. Ilifanya kazi vizuri mno. Baadaye ilidhihirika kwamba iliharibu maumbile ya chaza na konokono wa baharini, hata majike wa baadhi ya konokono wakaota viungo vya kiume na kushindwa kuzaa. Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) lilipitisha mkataba wa kuipiga marufuku, nao ulianza kutekelezwa mwezi Septemba 2008.

Ziwa Jipe haliwezi kuhimili mzaha wa namna hiyo. Ni ziwa la kina kifupi, lisilofika mita chache. Hulishwa hasa na mto Lumi utokao upande wa Kilimanjaro, na maji yake huelekea kwenye mto Ruvu na hatimaye Pangani. Kwa miaka mingi limekuwa likisongwa na matope na magugu. Humo anaishi perege wa Jipe, Oreochromis jipe, ambaye hapatikani nje ya bonde la Pangani. Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) umemworodhesha miongoni mwa viumbe waliomo katika hatari kubwa mno ya kutoweka.

Zaidi ya hayo, sumu hiyo haina kazi Jipe. Kiumbe mtoboaji hayupo, na ukungu wa kijani unaoota chini ya chombo cha maji baridi huondoka kwa brashi na maji. Mashua inayovutwa nchi kavu kila baada ya safari haihitaji zaidi ya rangi ngumu ya kawaida iliyopakwa vizuri. Hali ni hiyo hiyo Challa, ziwa la kreta lenye kingo za mteremko mkali, ambako mwaka 1891 msafiri Mmarekani Mary French-Sheldon aliteremka na kulizunguka kwa chombo cha pantoni.

Mjenzi anayeelekea baharini na kukusudia kukiacha chombo chake majini kwa miezi ndiye mwenye sababu ya kufikiria rangi ya shaba. Anayekivuta ufuoni kila siku, kama wafanyavyo wavuvi wengi wa ngalawa, anaweza kuendelea bila hiyo.

Mlingoti, foromali na tanga

Mlingoti na foromali haifai kupakwa rangi nzito. Miti hiyo hubeba nguvu zote za upepo, na dalili ya kwanza ya kuvunjika ni ufa mwembamba. Rangi huuficha ufa huo. Vanishi au mafuta huuacha uonekane.

Vanishi ina gharama yake. Jua la ikweta huiharibu upesi kuliko rangi, kwa sababu ni angavu na huruhusu mwali kufika kwenye mbao. Inahitaji mikono mitano au sita mwanzoni, na kurudiwa walau mara moja kwa mwaka. Asiyeweza ahadi hiyo atumie mafuta ya kitani, ambayo hurudiwa kwa kitambaa bila kukwangua.

Tanga halipakwi kitu. Hukaushwa kabla ya kukunjwa, na hufunikwa lisipotumika, maana jua na koga ndivyo vinavyolimaliza.

Usalama wa anayepaka

Rangi kuukuu inayokwanguliwa kwenye mbao au boti ya zamani yaweza kuwa na risasi, madini ambayo huathiri ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao yake Nairobi, linapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni. Kazi ya kukwangua ifanywe kwa msasa wa maji, uso ukiwa umezibwa barakoa, mbali na watoto, kuku na jikoni. Mabaki hukusanywa kwenye turubai. Hayafagiliwi shambani wala mtoni.

Vitambaa vilivyoloa mafuta ya kitani visirundikwe pembeni. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa huweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Hutandazwa nje kimoja kimoja au hutiwa ndani ya ndoo ya maji.

Siku ya kushusha

Mashua ya mbao za kupanga iliyosafirishwa kutoka Voi itavuja siku ya kwanza. Huo si upungufu. Huachwa majini kina kifupi kwa siku moja au mbili, ikiwa imefungwa na bila mizigo, hadi mbao zivimbe. Ikiendelea kuvuja baada ya siku tatu au nne, hapo mwanya wenyewe hutafutwa. Mashua ya plaiwudi, kwa upande mwingine, haipaswi kuvuja hata siku ya kwanza. Ikivuja, ivutwe nje mara moja, ikaushwe na kuzibwa.

Kabla ya kubeba watu, mwenye chombo anatakiwa kuwasiliana na Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya (KMA), inayosimamia ukaguzi na usajili wa vyombo vidogo. Upande wa Jipe uliomo katika Mbuga ya Tsavo Magharibi unahitaji pia idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Ziwa hilo lina viboko na mamba, na jaketi la kujiokoa si pambo.

Wapo waliojaribu kuikwepa kazi ya rangi kabisa. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kushushwa majini Septemba 2018, lilifunikwa kwa vipande vya ndara kuukuu vya rangi mbalimbali. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, na mwaka 2021 likafika Ziwa Victoria. Plastiki haiozi wala haitobolewi, lakini umbo lake na ufundi wa kuliunganisha vilitoka kwa mafundi wale wale wa mbao.

Kwa mashua ya mbao, ukaguzi haukomi. Kila mwaka, kabla ya vuli, hupinduliwa, huoshwa na kuchunguzwa kwa ncha ya kisu penye pembe na ncha za mbao. Palipolegea hukwanguliwa hadi kwenye mbao nzima, hukaushwa, hutiwa praima na kupakwa upya siku hiyo hiyo iwezekanapo. Alama ya ukubwa wa sarafu hurekebishwa kwa saa moja. Ikiachwa msimu mmoja wa mvua, hugharimu ubao mzima.